Daraja Letu Lapigiwa Kura, Mimi Niko Koridoni

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, hukukosa mengi. Nilishinda uchaguzi. Nilishinda kwa kura kumi na moja, na ushindi huo ndio ulionimaliza.

Mimi Ardith Skarphol, mke wa mfugaji, mwenye miaka sitini na miwili, ambaye sijawahi kugombea hata ukatibu wa kina mama wa kanisa, niligombea kiti kwenye bodi ya Kaunti ya Haldane kwa sababu moja tu. Daraja.

Mnalijua. Ni la mbao, linavuka kijito kwenye barabara yetu ya changarawe, maili moja kutoka mlangoni kwetu. Na mnaijua asubuhi ile Verlyn, mume wangu, alipoanguka katikati ya ng'ombe huku mashine ya kukamua ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Gari la wagonjwa lilipita kwenye daraja hilo likafika kwa dakika tisa. Daktari hakunizungusha. Aliniambia, “Bibi Skarphol, zingekuwa kumi na tano, sasa hivi ningekuwa naongea na mjane.”

Bodi inataka kulifunga. Likifungwa, kuzunguka kwa barabara kuu ni dakika thelathini na nne. Nimezipima mwenyewe kwa pikapu, tena nikiendesha kama mwendawazimu.

Ng'ombe tuliuza. Paa la zizi liliangushwa na theluji. Hayo nilishawasimulia na sitawalilia tena. Nilikuwa nimebakiwa na mume na daraja, na nilikuwa nimeapa kwamba kimoja hakitaondoka kabla ya kingine.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta Jumanne.

Mkutano unaanza saa tatu asubuhi. Nilifika saa mbili na nusu nimevaa sketi ya Pasaka. Kibao cha jina langu kilikuwa mezani, kimeng'arishwa. Nilikigusa kwa kidole. Sioni aibu kukiri kwamba nilijisikia mtu.

“Ardith, una dakika moja?”

Alikuwa Pruitt, mwanasheria wa kaunti. Kijana mpole, ana tabasamu la daktari wa meno. Kwetu mtu akikuomba dakika moja huku anatabasamu, tafuta mahali pa kukaa.

“Kwenye ajenda namba sita hutakuwepo,” akasema.

“Namba sita ndiyo daraja.”

“Ndiyo sababu.”

“Pruitt, mimi nimechaguliwa kwa ajili ya namba sita. Hizo nyingine sijazisoma hata.”

“Tafadhali usiyaseme hayo mbele ya karani.” Akafungua faili lake. “Daraja likifungwa, na ile barabara inafutwa. Barabara ikifutwa, ardhi yake inarudi kwa wenye mashamba ya kando. Wenye mashamba ya kando ni ninyi, kushoto na kulia. Mtapata karibu ekari mbili.”

“Sizitaki!”

“Sheria haiulizi kama unazitaka. Una maslahi. Mwenye maslahi hapigi kura.”

“Ngoja nielewe. Siruhusiwi kukikataa kitu kwa sababu kitu chenyewe kitanifaidi?”

“Umeelewa vizuri kuliko wajumbe wengi.”

“Basi nitakaa kule kwenye viti vya wananchi, niseme dakika zangu tatu kama mtu mwingine yeyote.”

“Hapana. Mjumbe ni mjumbe hata akikaa darini. Ukisema neno, mtu akikata rufaa tumekwisha. Utatoka nje na mlango utafungwa.”

Nilimtazama yule kijana. Ana umri wa mwanangu wa mwisho.

“Mwezi wa kumi,” nikamwuliza, “kabla sijachaguliwa. Ningeruhusiwa kusema?”

“Bila shaka,” akasema. “Hata kulia ungeruhusiwa.”

Miezi minane nilibisha hodi kwenye milango ya watu. Mbwa watatu wameniuma. Nimekula mikate ya viazi jikoni kwa watu ambao siwapendi. Yote hayo ili nipate kiti, na kiti ndicho kilichonifunga mdomo. Nilijipalia makaa kwa koleo langu mwenyewe.

LeRoy Kvamme alinikuta nimeegemea mashine ya kahawa. LeRoy ni mjumbe wa mtaa wa kusini, mwaka wa kumi na sita huu. Yeye na Verlyn walibatizwa siku moja kwenye beseni moja.

“Pruitt ameshakuambia?” akauliza.

“Ameniambia.”

“Basi usikunje uso, hesabu. Tunabaki wanne. Duane na Colleen watasema ndiyo, lifungwe. Mimi na Gordy tutasema hapana. Mbili kwa mbili. Hoja inaanguka, daraja linabaki. Wewe kaa nje, kunywa kahawa, rudi kwenye namba saba.”

“Una hakika na Gordy?”

“Gordy ana mkwe ng'ambo ya daraja. Akisema ndiyo atalala kwenye gari mwezi mzima.”

“Na wewe je, LeRoy?”

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. “Ardith. Unaniuliza mimi?”

Nilimwomba radhi. Nilitulia kidogo, naam, nilitulia. Nisingesema neno, nisingepiga kura, lakini kama kila mtu angefanya alichosema atafanya, tungepona. Kazi yangu ilikuwa kutofanya kitu.

Watu wakaanza kuingia. Mikutano ya bodi yetu kwa kawaida huwa na wananchi wawili, mmoja wao amekuja kujikinga baridi. Siku hiyo walikuja thelathini na mmoja. Niliwahesabu. Wakaingia na sinia. Keki za rubabu, ile mboga chachu ya bustanini, keki za malenge, sandwichi za nyama ya nguruwe zilizofunikwa kwa karatasi. Meza ya nyuma ikajaa, wakaanza kuziweka juu ya redieta ya kupashia chumba joto.

Kwetu mtu akikujali hasemi, anaoka. Moyo ulinijaa. Nikasema kimoyomoyo, Ardith, hauko peke yako.

Marlys Tollefson, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alitua sinia lake akaja kunikumbatia. Marlys si mtu wa kukumbatia. Alinishika muda mrefu mpaka miwani yangu ikapinda.

“Mimi nitasema,” akaninong'oneza. “Nitasimama na nitasema.”

“Usimtukane Duane.”

“Nitamtukana kidogo tu.”

Verlyn alikuwa ameketi safu ya mwisho, karibu na mlango, kofia yake ya kampuni ya mbegu imelala juu ya goti. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati jeupe.

“Umekunywa dawa?” nikamwuliza.

“Nimekunywa.”

“Usisimame-simame.”

“Haya,” akasema. Kisha akanishika mkono, akauachia upesi, kana kwamba watu wangetuona. Tumeoana miaka arobaini.

Namba moja mpaka tano zilipita haraka. Leseni ya mnada, tarehe ya kunyunyiza dawa ya magugu, mambo hayo. Niliinua mkono kila walipoinua. Kisha mwenyekiti wetu, Duane Oftedahl, akakohoa na kunitazama kwa upole wa mtu anayemtoa mbwa nje wakati wa chakula.

“Namba sita. Bibi Skarphol, tafadhali.”

Nikatoka. Pruitt mwenyewe akaufunga mlango.

Koridoni kuna benchi moja na picha za wajumbe wa zamani, wanaume wote, wenye shingo nene. Mlango una kioo kidogo cha mraba. Nikachungulia. Nilichokiona ni sikio la Duane na nusu ya bendera. Basi nikaweka sikio langu kwenye ufa, nami mtu mzima wa miaka sitini na miwili, mjumbe wa bodi, nikasikiliza kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Mhandisi alitoa taarifa yake. Nguzo zimeoza. Mbao za kati amezichoma kwa bisibisi na bisibisi imezama mpaka mpini. Kulijenga upya kunataka fedha ambazo zingetosha kutengeneza barabara tatu. Hakusema uongo, na hilo ndilo linaloudhi kwa mhandisi.

“Sasa ni wakati wa kuwasikiliza wananchi,” Duane akasema. “Kila mmoja dakika tatu. Nani angependa kuanza?”

Kimya.

Lazima niwaeleze watu wangu ninyi mlio mbali. Hawa si watu bubu. Kwa miezi minane, kila asubuhi, mkahawani, wamemchanachana Duane Oftedahl mpaka hakubaki kitu cha kuzika. Lakini mtu wa kwetu hapendi kuwa wa kwanza. Kuwa wa kwanza ni kujifanya unajua kuliko wenzako. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze, amuunge mkono kwa kutikisa kichwa.

“Naita mara ya pili,” Duane akasema. “Kuna yeyote?”

Nikasikia mtu akikohoa. Nikakijua kile kikohozi.

“Marlys? Ulitaka kusema?”

Sema, nikamwambia kupitia ubao wa mlango. Sema, Marlys, nimekula keki zako miaka ishirini na sijawahi kukuambia ni kavu.

“Hapana, hapana,” Marlys akasema. “Nilikuwa nakohoa tu. Ila kuna vyakula pale nyuma, jamani, msije mkaviacha.”

Watu wakacheka kidogo. Ni kicheko cha msibani, cha kupumulia. Mimi nilikuwa nimekamata kitasa cha mlango kwa mikono miwili. Thelathini na mmoja! Wameacha kazi zao, wamewasha tanuri alfajiri, wameendesha kwenye barafu, wamekuja kukaa kimya! Asiyekuwepo na lake halipo, nakubali, lakini wao walikuwepo.

“Mara ya tatu na ya mwisho,” Duane akasema.

Kiti kikalia. Kiti cha safu ya mwisho, karibu na mlango. Kupitia kioo nikaona bega la shati jeupe.

“Naomba,” akasema Verlyn.

Jamani, mume wangu hajawahi kuzungumza hadharani. Siku ya harusi yetu mchungaji alimwambia aongeze sauti kwenye neno “ndiyo”. Nikafikiri, kwa ajili yangu. Ameona sina mdomo, amekuja kuwa mdomo wangu. Nilimpenda wakati ule kuliko siku nilipompata.

“Karibu, Verlyn,” Duane akasema. “Jina na anwani kwa ajili ya kumbukumbu, halafu… ah, acha bwana. Nani hamjui Verlyn. Endelea.”

“Nashukuru,” Verlyn akasema. “Namshukuru mhandisi, amefanya kazi nzuri kwenye baridi. Naishukuru bodi. Nawashukuru waliotengeneza kahawa.”

Nikasikia pumzi yake. Naijua pumzi hiyo, nimeilalia macho usiku mwingi.

“Mimi sipendi kumsumbua mtu,” akasema. “Barabara ya kwa akina Lunde ina mashimo, na basi la shule linapita pale. Hilo ni muhimu. Kama daraja linatunzwa kwa ajili yangu, mimi nasema msijisumbue. Lifungeni tu. Ni hayo. Asanteni.”

Akakaa.

Sijui nilipiga kelele au nilidhani nimepiga. Hakuna aliyegeuka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mbwa watatu! Miezi minane! Nami nilikuwa nimempigia pasi hilo shati kwa mikono hii!

Lakini ningeshangaa nini? Huyu ndiye mtu aliyevunjika mguu akamngoja daktari wa mifugo amalize kuzalisha ng'ombe, ndipo akauliza kama angeweza kupewa lifti. Huyu ndiye aliyefumbua macho zizini, akawaona wahudumu wa gari la wagonjwa wamemwinamia, na neno lake la kwanza likawa “samahani.” Tumelelewa hivyo wote. Tunafundishwa kutokuwa mzigo kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu. Ila sikujua kwamba mtu anaweza kuomba radhi kwa kuwa hai.

“Kama hakuna mwingine,” Duane akasema, “kikao cha kuwasikiliza wananchi kimefungwa.” Nikasikia nyundo ikigonga.

Halafu nikasikia sauti ya LeRoy, ndogo, imejaa mashaka. “Mwenyekiti, hili linabadilisha kidogo mambo. Kama mwenyewe anasema…”

Basi. Kura yetu ya pili ilikuwa inayeyuka huku naisikia.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilichukua ajenda yangu, nikaigeuza, nikaandika nyuma kwa kalamu ya kanisa: Mimi Ardith Skarphol najiuzulu ujumbe wa bodi, sasa hivi. Nikatia sahihi. Nikausukuma mlango.

“Ardith, huruhusiwi,” Pruitt akasema akisimama.

Nilimpita. Nikaiweka karatasi mbele ya Jolene, karani wetu, mwanamke ambaye hajawahi kukosa ukurasa katika miaka thelathini.

“Pokea,” nikamwambia. “Mimi si mjumbe tena. Mimi ni mwananchi, na nataka dakika zangu tatu.”

Jolene alisoma. Macho yake yalikuwa mekundu, sikujua kwa nini. Akampa Pruitt.

Pruitt akaisoma mara mbili. “Ardith,” akasema taratibu, “kujiuzulu hakuanzi mpaka bodi ikubali kwa kura. Na bodi haiwezi kupiga kura leo, kwa sababu jambo hili halikubandikwa kwenye ajenda siku tatu kabla.”

“Kwa hiyo bado ni mjumbe?”

“Umeandika kwamba siyo. Siwezi kukurudisha mezani ukiwa umeandika hivi.”

“Kwa hiyo ni mwananchi?”

“Bado hapana.”

“Basi mimi ni nani, Pruitt?”

Akajikuna shingo. “Kisheria? Itabidi niangalie.”

“Na hata ungekuwa mwananchi,” Duane akaongeza, si kwa ubaya, “kikao nimeshakifunga. Umesikia nyundo.”

“Nimeisikia. Nilikuwa kwenye ufa wa mlango.”

“Kaa chini, Ardith.”

“Wapi?” nikauliza.

Mezani sikuruhusiwa na viti vya wananchi vilikuwa vimejaa. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba nimevaa sketi ya Pasaka. Nilimtafuta Verlyn kwa macho. Alikuwa anaizungusha kofia yake, anaizungusha, anaizungusha.

“Tupige kura,” Duane akasema. “Hoja ni kulifunga daraja na kuifuta barabara. Colleen?”

“Ndiyo.”

“Mimi mwenyewe ndiyo. Gordy?”

“Hapana,” Gordy akasema. Mungu ambariki mkwe wake.

“LeRoy?”

LeRoy akavua miwani. Akaifuta kwa tai. Tai yake ilikuwa na mafuta ya siagi na miwani ikazidi kuchafuka, akaivaa hivyo hivyo.

“Mwenyekiti,” akasema, “kabla sijapiga kura, nataka Verlyn aseme yote.”

“Ameshasema.”

“Hajasema. Verlyn, simama. Ukitaka nikufanyie hili, sema lote, mbele yake. Mimi silibebi peke yangu.”

Nilimtazama LeRoy, nikamtazama Verlyn. Sikuelewa. Duane akamgeukia Pruitt, naye Pruitt akatikisa kichwa kukubali. “Mjumbe anaweza kumwuliza mtu swali. Lakini safari hii tufuate utaratibu, maneno yake yataambatishwa kwenye uamuzi. Bwana Skarphol, jina lako kamili na anwani unayoishi.”

Verlyn akasimama. Aliishika kofia mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

“Verlyn Skarphol,” akasema.

“Na anwani?”

Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake, niliisikia.

“Anwani, bwana. Ni ya kawaida tu.”

Mume wangu anaweza kukaa kimya mwaka mzima, lakini hawezi kusema uongo kwenye karatasi ya serikali. Alinitazama. Ndipo akasema, wazi, kama mtu anayesoma:

“Mtaa wa Tatu Kaskazini. Nyumba ya wazee. Chumba namba kumi na nne.”

Mimi nilicheka. Nakiri mbele yenu, nilicheka. Nilidhani dawa zimemchanganya.

“Verlyn,” nikasema, “hiyo si anwani yetu.”

“Ni yangu,” akasema. “Nimejiandikisha. Naingia Jumatatu. Hospitali iko upande wa pili wa barabara, Ardith. Dakika mbili kwa miguu. Hutahitaji daraja tena.”

“Mimi sihitaji daraja kwa ajili ya…” Nikamsogelea. “Tangu lini?”

“Tangu kabla ya uchaguzi. Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kukuambia.”

“Ukaupata huu?”

“Huu haukuwa mpango wangu.”

“Na mimi je? Mimi nitakaa wapi?”

“Nyumbani,” akasema, kana kwamba ananipa zawadi. “Ni chumba cha mtu mmoja. Nyumba ile unaipenda. Sikutaka uiache kwa ajili yangu. Umeshasumbuka vya kutosha.”

Niligeuka kuwatazama watu. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kuona nyuso zimeshtuka, nijue kwamba si mimi mwenye kichaa. Thelathini na mmoja, majirani zangu, watu wa kanisani kwangu, walionizikia baba na kunipokelea wanangu.

Hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Walikuwa wakitazama viatu vyao. Marlys alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Kalamu ya Jolene ilikuwa inatembea bila kusita, na alikuwa ameshaandika kumi na nne kabla sijageuka. Mji mzima ulikuwa unajua. Walijua nilipobisha hodi kwao, walijua waliponipa kura, na hawakufungua mdomo kwa sababu si adabu kuingilia mambo ya mtu na mkewe.

“LeRoy,” Duane akasema kwa sauti ya chini. “Kura yako, tafadhali.”

LeRoy hakumtazama. Alinitazama mimi kupitia miwani ile chafu, na machozi yalikuwa yakimshuka bila yeye kuyajali.

“Likibaki, gari la wagonjwa litaweza kumfuata nyumbani na hana sababu ya kuhama,” akasema. “Likifungwa, amehama. Ni mimi tu niliyebaki. Ardith, unataka nisemeje?”

“Hawezi kulijibu hilo!” Pruitt akasema. “Mwenyekiti, hawezi!”

“Nyamaza wewe,” LeRoy akamwambia. “Ardith?”

Wote wakanyanyua vichwa. Verlyn naye akanyanyua, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilimwona usoni hana maumivu, ana uchovu tu, na ananiomba kitu ambacho hajawahi kuniomba, nimwachie aende. Nilikuwa nimelibeba jibu la swali hilo miezi minane, mlango kwa mlango, mvua na theluji. Nikafungua mdomo kulisema, na halikuwemo.